Kwa Nini Mwindaji Hupasua Nyama Mbele ya Watu

Nisikilizeni, wajukuu, ingawa habari hii naisimulia nikiwa nimeinamisha uso. Aliyekosa ni babu yetu sisi. Mungu atusamehe.

Hapo kale, nguruwe pori akiuawa, hakuna aliyeuliza nyama yake imeivaje. Nyingi ilichemshwa chunguni nyumbani. Lakini paja, ambalo kwa desturi ni fungu la mama mkwe, lilibanikwa huko huko porini kwa moshi, ili limfikie siku ile ile. Mkwe aliyewahi kufika ndiye aliyesifiwa, na babu yetu Mgovano alipenda sifa kuliko sala.

Siku moja aliua dume mbali sana, ng'ambo ya vilima, na jua lilikuwa limeshaelemea magharibi. Akalibanika paja mpaka likawa jeusi nje. Akalichoma kisu: ndani jekundu. Aliliona, wajukuu. Akalifunga kwa majani, akakimbia.

"Jamani, mkwe wangu ana miguu ya swala!" mama mkwe wake, Mama Nyangali, akawatangazia majirani. Akala peke yake, kama desturi ilivyotaka.

Wiki mbili hazijaisha, homa ikamlaza. Kope zikavimba, mwili ukamuuma hata kibuyu cha maji hakuweza kukiinua. Watu wakamgeukia jirani yake, mjane aitwaye Tulalumba.

"Wewe ndiye uliyemtekea maji. Uliweka nini?"

"Maji ya mto huo huo mnaokunywa nyote, wanangu. Mbona nyie mnapiga kelele vizuri tu?"

Mgovano alikuwa amekaa pale pale. Alijua kwamba waliokula nyama ya chunguni wote ni wazima, na aliyekula paja ndiye anayeugua. Akajikuna goti, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena. Siku ya tatu wakamwezulia Tulalumba paa la nyumba yake, naye akajitwika mkeka akavuka vilima.

Ndipo dhamiri ikamchoma Mgovano. Akapiga magoti nje ya mlango wa mkwe wake, akasema yote.

"Mkwe," Mama Nyangali akasema kutoka ndani, "kumbe ulinilisha mbio zako. Nenda ukamrudishe Tulalumba."

Alimtafuta miezi miwili, asimpate. Mama Nyangali alipona polepole, ila mkono wake mmoja haukupata nguvu tena. Yeye ndiye aliyetuwekea sharti.

Na tangu siku hiyo, kwetu nyama ya porini, ya mkwe na ya watoto pia, hukatwa vipande vidogo ikachemshwa mpaka iachane na mfupa. Muuguzi wa zahanati alitueleza kwamba ndani ya nyama hiyo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na havifi kwa moshi wala kwa chumvi. Mwindaji hutoa pande nene kuliko yote, akalipasua mbele ya watu. Likiwa jekundu, chungu kinarudi motoni, hata kama wageni wanasinzia kwa njaa. Likiwa limeiva, husema kwa sauti: "Nimepika mimi. Niulizwe mimi."

Maneno hayo nimeyatamka mara nyingi. Mgovano alikuwa nayo kinywani siku tatu nzima, na Tulalumba alikuwa bado ana nyumba.