Kengele ya Chumba cha Mwisho

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu maana umeme ulikuwepo, ingawa ulikatika upendavyo, palikuwa na zahanati ndani ya jumba kuukuu la mawe. Kuta zilikuwa nene. Mzazi akipiga kelele chumba cha mwisho, mkunga ukumbini hasikii.

Mafundi watatu, Mashavu, Hidaya na Zuwena, wakapewa kazi: mzazi abonyeze kengele, na wimbi lisilo na waya limpelekee mkunga habari. Chumba kipi, shida gani. Habari yenyewe ni mlolongo wa moja na sifuri.

Mashavu akaunda kengele. "Wimbi lenye nguvu ni moja," akasema, "na dhaifu ni sifuri." Wakaijaribu milango ikiwa wazi, wakapongezana. Milango ilipofungwa, kuta zikanyonya nguvu, moja ikasomeka sifuri. Chumba cha mwisho kikasomeka stoo!

Hidaya akaifungua. "Nguvu iwe ileile. Mtetemo wa haraka uwe moja, wa polepole uwe sifuri." Kuta zikanyonya, lakini haraka ikabaki haraka. Wakapongezana tena, watu hawa hawachoki kujipongeza. Kisha yakaletwa makabati ya chuma. Wimbi likagonga chuma, likarudi, mwangwi wake ukaangukia alama inayofuata, moja juu ya sifuri. Ikawa vurugu.

Zuwena hakugusa alama. "Mnatuma mbiombio mno. Tuma alama moja, ngoja mwangwi ufe, ndipo utume nyingine." Wakafanya hivyo, na vurugu ikaisha.

Adhuhuri moja umeme ulikatika. Raya alikuwa chumba cha mwisho, mtoto amekwama, damu inamtoka. Akabonyeza. Kengele ikaitika kwa betri, maana Mashavu aliijenga kwa ubahili wa umeme, inalala mpaka iguswe. Bi. Kibibi mkunga akasoma: chumba cha mwisho, damu. Akatimua mbio. Mama akapona, na binti akalia.

Sasa, kwao Raya, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa, na jina ni moja tu. Siku ya kumpa jina mafundi wote watatu wakafika, kila mmoja na kanga mpya.

"Umeme ulikatika," akasema Mashavu. "Bila kengele yangu na betri yake, ungebonyeza mpaka kidole kichubuke."

"Ingefikisha nini? Uongo!" akasema Hidaya. "Bi. Kibibi angekimbilia stoo, akazalishe mifagio."

"Na kwako angesoma vurugu," akasema Zuwena, "asijue hata pa kukimbilia."

"Wewe umeunda nini? Kungoja tu!"

"Ndiyo, kungoja. Mbona nyinyi hamkuweza?"

Raya akalia. "Dada zangu, nawapenda nyote. Lakini mwanangu ni mmoja."

Bibi yake mtoto, ambaye ndiye wa kumnong'oneza jina, akampakata, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akavuta pumzi. Akasita. Mafundi wamemkodolea macho.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msaidieni bibi wa watu: je, amnong'oneze mtoto jina la nani?