Kiboko na Pimbi Waruka Pamoja

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa jabali, na chini ya jabali bwawa. Mpo?

— Tupo, tuletee!

Hapo zamani za kale, wanyama walikunywa maji kwa uzito. Ndiyo, kwa uzito, msicheke! Mzito alitangulia, mwepesi akafuata. Kiangazi kilipokuja, wazito walikunywa maji, wepesi wakalamba tope.

Sasa, Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini, hamzidi paka. Alikuwa na watoto wawili. Siku moja yule mdogo alishindwa hata kulia, ulimi umemkauka. Pimbi akashikwa na uchungu, akamwendea Kiboko, mkubwa wa bwawa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Wanangu wanakufa kwa kiu. Kwa nini mzito ndiye atangulie?"

"Kwa sababu ardhi inatupenda sisi wazito. Tukianguka, inatuvuta mbio kuliko nyinyi. Hata hilo hulijui?"

"Nimelisikia, sijaliona. Tujaribu, mzee wangu. Mzito na mwepesi wakifika chini pamoja, wadogo watangulie kunywa."

"Na ukishindwa, uhame na watoto wako."

Pimbi akawaza. Angehamia wapi, na nchi nzima imekauka? Lakini akakubali.

Wakapanda jabalini. Wanyama wote, wazito na wadogo, wakabaki chini kutazama, Kobe akiwa shahidi. Kiboko akaachia jiwe na unyoya wa kanga kwa pamoja. Jiwe, pu! Unyoya ukapepea, ukazunguka, ukatua wazito wamekwisha kucheka na kuchoka.

Pimbi hakucheka wala hakulia. Alikuwa akiutazama ule unyoya ulivyoyumba. Akatafuta jiwe bapa, akaulaza unyoya mwingine juu yake bila kuufunga, kisha akaliachia. Pu!

"Vimefika pamoja!" Kobe akapaza sauti.

"Mnaona?" Pimbi akasema. "Ule wa kwanza ulizuiwa na hewa. Huu umekingwa na jiwe. Ardhi haina mpenzi."

Kiboko akafura kwa hasira. "Mambo ya manyoya waachie kuku! Mimi na wewe, turuke!"

Wakasimama kwenye ncha ya jabali, maji chini yao. Pimbi hakuwahi kuruka kutoka juu namna ile. Akawatazama wanawe kule chini. Kobe akahesabu: moja, mbili, tatu! Wakaruka.

Chubwi! Kishindo kimoja tu.

"Pamoja!" Kobe akasema.

Basi, lile tumbo la Kiboko likayasukuma maji. Yakafurika, yakamwagika ng'ambo ya ukingo, yakateremka mpaka walipokuwa wamesimama wadogo. Watoto wa Pimbi wakainama wakanywa, wakanywa tena, Kiboko mwenyewe hajatoa hata pua. Alipoibuka, aliwakuta wameshiba, na mama yao ameloa chapachapa anajikung'uta pembeni. Wazito wakarudi nyuma, wakawapisha wadogo.

Tangu siku hiyo wadogo hutangulia kunywa bwawani pale.

Mafunzo yake ni haya: ardhi humvuta mzito na mwepesi kwa mwendo mmoja, ila hewa humchelewesha mwenye manyoya. Na ukiambiwa jambo ni haki kwa kuwa ndivyo lilivyo, lijaribu kwanza uone.

Ngano yangu imetua hapo. Mwenye kiu na akanywe maji, mwenye usingizi na akalale.