Nakijwa na Uji wa Ujima

Upawa ni wa mpishi, tumbo ni la mlaji. Methali hii mliisikia jana jikoni kwenye arusi, shangazi yenu alipomzuia yule binti asimwongezee mgeni chakula kwa nguvu. Mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilivyoanza ni hivi.

Katika kijiji cha Kivindo, juu milimani, wanawake walilima kwa ujima. Leo walikuwa kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yalimwe kabla ya mvua. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima siku ile, na aliyeshika ngwe hakurudi nyumbani kabla ya kuimaliza. Mwenye shamba naye alikuwa na wajibu wake: asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo, lazima wenzake wanywe uji wa mahindi uliokolezwa maziwa ya ng'ombe wake. Uji huo haukukataliwa. Mwanamke aliyeukataa alikuwa amesema, bila kufungua kinywa, kwamba mwenye shamba ni mchawi.

Nakijwa aliolewa Kivindo akitoka tambarare, kwa watu wa samaki na mtama, ambako maziwa ya ng'ombe yalikuwa ya kusikia tu. Alikuwa msichana mwepesi wa mikono, asiyejua kukaa. Mumewe, Mrutu, alimpa kipande cha shamba bondeni, shamba la kwanza kuitwa lake maishani, lililoota magugu mpaka kiunoni. Yeye na mumewe wasingelimaliza kabla ya mvua. Ujima ungelimaliza kwa siku moja. Kwa hiyo alijiunga na wenzake kwa furaha, jembe jipya begani.

Siku ya kwanza alikunywa uji kama wengine, akashika ngwe. Jua halijapanda sana tumbo likaanza kuvimba na kunguruma, kisha mwili ukalegea kama nguo iliyotoka majini. Haukuwa usingizi, maana alipojilaza kivulini usingizi haukuja. Ulikuwa uchovu tu, uchovu mzito wa ndani ya mifupa. Wenzake walimaliza wakanawa miguu, naye bado yuko katikati ya ngwe, ameegemea mpini.

"Mwacheni," alisema mmoja, "fungate halijaisha!"

Wakacheka, na Nakijwa akacheka pamoja nao. Lakini ikawa hivyo kwenye shamba la pili, na la tatu, na kila shamba. Kicheko kikaisha, likabaki jina. Wakamwita Mvivu.

Mpishi wa ujima alikuwa mama mkwe wake, Bi Namkunda, na upawa wake wa kifuu ulijulikana kijiji kizima. Alikuwa mtu mwema sana. Ila mtu mwema asiyeuliza, wajukuu zangu, mwogopeni. Alipomwona mkwewe anadhoofu, aliamua kwamba dawa ni maziwa. Wengine akiwapa bakuli moja, Nakijwa alimpa mawili. Nyumbani asubuhi maziwa, jioni maziwa. "Kunywa, mwanangu, upate nguvu." Naye Nakijwa angesema nini? Alikunywa mpaka tone la mwisho na kushukuru. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyochoka, na kadiri alivyochoka ndivyo alivyoongezewa. Mwishowe akaanza kuamini kwamba kweli ni mvivu, kwamba ule wepesi wa kwao ulikuwa utoto tu. Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Kiongozi wa ujima, Bi Nambike, hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimsimamisha njiani akamwambia, "Bibie, hatukuchukii. Lakini ngwe zako tunazimalizia sisi. Sasa tukija kulima kwako bondeni, tutakuwa tunakurudishia jasho gani? Ukiacha ngwe nyingine, shamba lako utalilima na mumeo."

Nakijwa aliitikia, "Nimesikia, mama," akaenda zake. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya, na magugu ya bondeni yalikuwa yanamsubiri.

Katikati ya hayo akafariki kaka yake baba mkwe, mzee aliyeheshimiwa. Desturi ya Kivindo ilikuwa kwamba nyumba iliyofiwa hainywi maziwa mpaka matanga yaanuliwe. Ndama waliachiwa mama zao wanyonye watakavyo, na waombolezaji walikula makande na ndizi za kuchemsha. Mkwe mdogo ndiye wa kuteka maji na kutafuta kuni za msiba mzima, na Nakijwa alipolifikiria jambo hilo alitamani ardhi immeze.

Siku ya kwanza alijikokota. Baada ya siku chache aliamka kukipambazuka, akashuka mtoni, akapanda na mtungi kichwani, na alipoutua mlangoni ndipo alipogundua kwamba hakupumzika njiani. Akasimama pale akijishangaa. Akarudi mtoni tena, safari hii kwa makusudi, kama mtu anayejaribu mguu uliopona. Mguu ulikuwa mzima. Alipasua kuni, akatwanga mahindi, akawapikia waombolezaji, na bado alikuwa na pumzi ya kuimba nyimbo za maombolezo. Wambea hawakukosa neno: "Tazameni, msiba umemnenepesha!"

Matanga yakaanuliwa. Kama ilivyo desturi, wafiwa wote walipewa maziwa kuonyesha kwamba maisha yamerudi. Kabla ya adhuhuri Nakijwa alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo limejaa kama ngoma, hata mkono hauinuki. Hapo akaelewa. Akalia, nusu kwa furaha ya kujua kwamba si mvivu, nusu kwa woga.

Alimweleza Mrutu. Mrutu akakuna kichwa. "Maziwa yamchoshe mtu? Hata kama ni kweli, usimwambie mama. Atasema unamwona mchawi."

Na ujima uliofuata ulikuwa kwenye shamba la Bi Namkunda mwenyewe.

Asubuhi ile wanawake walikaa kuzunguka chungu, mabakuli mikononi. Kando palikuwa na sufuria ya uji mweupe, haujatiwa maziwa bado. Zamu ya Nakijwa ilipofika, Bi Namkunda alichota upawa uliojaa, akatabasamu. Nakijwa akafunika bakuli lake kwa kiganja.

"Mama, naomba unipe ule mtupu."

Wenzake wakashusha mabakuli. Kisha mmoja akasema kwa sauti, "Haya! Leo tumeambiwa wazi. Mama mkwe ni mchawi!"

Uji wa upawani ukamwagika majivuni. "Nimekukosea nini, mwanangu?" Bi Namkunda aliuliza, na machozi yalikuwa karibu.

"Hujanikosea, mama. Maziwa yako ni mazuri, wote hawa wanayanywa na wanalima mpaka jioni. Ni tumbo langu lisilopatana nayo. Wakati wa matanga tulipoyaacha, si mliniona? Yaliporudi, si mliniona tena?"

"Lakini mimi nilikuwa nakuongezea upone!"

"Najua, mama. Wewe uliongeza kwa upendo, mimi nilikunywa kwa heshima, na katikati ya upendo na heshima nilikuwa nakwisha."

Bi Namkunda aliurudisha upawa chunguni, macho kwa mkwewe. Huenda alikuwa akimkumbuka na mtungi kichwani siku zile za msiba. Bi Nambike ndiye aliyesema. "Maneno hayalimi. Mpe huo mtupu, kisha mpimieni ngwe kamili, si ile nusu tunayompa kwa huruma. Akiiacha, tumemalizana naye."

Nakijwa alikunywa uji mtupu na kushika ngwe. Hakuwa wa kwanza kumaliza, msidanganyike. Mwili uliochoka miezi haurudi kwa bakuli moja. Mikono ilimpasuka malengelenge na mara mbili alipiga goti. Lakini kila alipojisikiliza, ule uzito wa ndani ya mifupa haukuwapo. Ulikuwa uchovu wa kazi, uchovu mtamu ambao ukipumzika unaondoka. Wengine walikuwa wakinawa miguu alipogonga jembe la mwisho kwenye mpaka, akainua kichwa, akapiga kigelegele yeye mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyemtangulia kukipiga.

Yule aliyesema habari za uchawi hakutaka kushindwa. "Hata hivyo," akasema, "adabu ni kula unachopewa."

"Nyamaza, mwenzangu," alisema Bi Namkunda, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Nimeshika upawa huu tangu sijaota mvi, nikadhani najua njaa ya kila mtu. Upawa ni wangu mimi mpishi, tumbo ni lake yeye mlaji. Nilimimina bila kuuliza, na nilikaribia kumzika mtoto wa watu akiwa hai, huku nikijisifu kwa ukarimu."

Kutoka siku ile palitengwa vyungu viwili, kimoja cha uji wa maziwa, kimoja cha uji mtupu. Kila mtu alijua kwamba hicho cha pili ni cha Nakijwa peke yake. Lakini asubuhi walipokuja kulima shamba lake bondeni, siku chache tu kabla ya mvua, mwanamke mmoja alikuja taratibu na bakuli lake kwenye chungu hicho, kisha mwingine. Wa mwisho alikuwa Bi Nambike. Miaka yote, baada ya uji, alikuwa akitoweka migombani kwa muda mrefu, na watu walidhani anakwenda kukagua mipaka.

Alisimama mbele ya Nakijwa, aliyekuwa akigawa chungu hicho, akanyoosha bakuli. "Nitilie na mimi huo mtupu," akasema kwa sauti ndogo. "Ila jaza."

Nakijwa akamjazia, na hakucheka mpaka Bi Nambike alipompa mgongo.

Basi, wajukuu zangu, mgeni akifunika sahani yake kwa mkono msimnunie, wala msimwambie "onja kidogo tu." Na siku mtakayokuwa ninyi wageni, funikeni bila woga. Upawa ni wa mpishi, tumbo ni la mlaji.