Kiti Kisichokaliwa

Desemba ilipobisha hodi, Kibera ilianza kupungua watu kama chungu cha uji mbele ya watoto wenye njaa. Kila alfajiri mabegi yalitoka vichochoroni. Watu wa Magharibi walirudi kwao Magharibi, na wa Machakos na Kitui wakashika njia yao. Lakini katika chumba kimoja cha mabati pale mtaa wa Lindi, humo humo Kibera, begi la Wayua lilibaki juu ya kabati likila vumbi. Angekwenda wapi, na mumewe mzee Muia alikuwa kitandani ameugeukia ukuta?

Muia alikuwa seremala, tena seremala hasa. Viti vyake vilikaliwa kuanzia Lindi mpaka Ayany, na hapakuwa na hata kimoja chenye msumari. Alichonga ulimi wa mti, akauchimbia tundu lake, akavioanisha vikashikana kama pete na kidole. Kisha wakati wa mvua za masika, akiwa katikati ya kazi, kiharusi kikamwangusha kama mnazi uliokatwa. Alipoamka hospitalini, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama gogo.

Daktari alisema wazi kwamba mkono ule ulikuwa na matumaini, mradi mwenyewe aufanyishe kazi na ale chakula ashibe. Muia hakutaka hili wala lile. Alipokea vijiko viwili vitatu kisha akafumba mdomo. Ukimsemesha, alikujibu kwa mgongo. Mwili ulimwisha akabaki mifupa na ngozi. Majirani wakipita mlangoni walikuwa wameanza kushusha sauti, na Wayua alijua vizuri maana ya sauti zinazoshushwa mlangoni pa mgonjwa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Padre Valentine alipanda mimbarani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko karibu na maneno makali karibu zaidi.

"Ndugu zangu," alisema, "Majilio ni kungoja. Na anayengoja mgeni huandaa pa kumkalisha. Nawaomba kila nyumba iweke kiti kimoja wazi mpaka Krismasi. Ukikipita asubuhi ukienda kibaruani, jiulize: Bwana akibisha leo, nitamfungulia? Nami kabla ya sikukuu nitapita kila jumuiya, nikae nanyi kidogo."

Maneno yote yalikuwa mazuri, lakini Wayua aliondoka na moja tu: nikae. Padre atakuja, atakaa kitini, atamwekea Muia mikono, na Muia atainuka. Alilishika tumaini hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi.

Kiti alikuwa nacho. Kilikuwa cha mwisho kupita mikononi mwa Muia, na tangu siku ile ya kiharusi kilikuwa pembeni kimefunikwa gunia. Wayua alikifuta, akakivisha kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, akakizungushia karatasi za choo alizozisokota zikawa kama utepe, akafunga na puto mbili nyekundu. Akakiweka katikati ya chumba, mbele ya kitanda. Muia alikitazama mara moja. Kisha akajisogeza karibu zaidi na ukuta.

Wayua hakuwa peke yake. Jumuiya nzima ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa imeingia mashindano ya viti. Jirani yake Phanice, mama mcheshi wa Kakamega, alikifungia chake taa za rangi.

"Shosho, nyanya yangu, njoo uone taa zangu zinavyowaka na kuzima!" alijigamba. "Zako ziko wapi?"

"Wewe washa tu," Wayua akamjibu. "Zitakuja kumchoma Padre makalio, tuone utaungama kwa nani."

Mtoto akisogelea kiti alifukuzwa. Paka akikirukia alipigwa na kandambili. Katika Lindi yote viti vilimeremeta, na watu wakaketi chini.

Jumapili ya tatu, Padre Valentine alisimama akatabasamu. "Nimesikia viti vya Lindi vimevishwa kushinda maharusi. Hongereni! Sasa nimewaletea watu wa kuvikalia."

Kanisa likacheka. Kisha likanyamaza, kwa maana Padre hakuwa anatania. Moto ulikuwa umeteketeza safu nzima ya nyumba kule Kawangware, na waumini wa huko walikuwa wakilala kwenye ukumbi wa kanisa. Aliomba nyumba za kuwapokea mpaka sikukuu zipite.

Wayua akainamia viatu vyake. Mgonjwa kitandani, chumba kimoja, na mtu mwingine ndani? Lakini Phanice, ambaye tikiti yake ya kwenda Kakamega ilikuwa tayari kwenye kibeti, akapaza sauti: "Padre! Wayua ana kiti kizuri kuliko sisi wote!"

Watu wakapiga makofi. Kukataa mbele ya altare kukamshinda.

Mgeni aliitwa Wekulo, mwenyeji wa Bungoma, mbeba mawe kwenye majengo. Moto ulikuwa umemwachia nguo alizovaa na sauti kama tarumbeta.

"Hodi wenye nyumba! Mungu awabariki! Salama hapa?"

"Salama. Karibu, ndugu. Kaa hapo kwenye mtungi," alisema Wayua, akimwonyesha mtungi wa maji wa plastiki.

Wekulo akakitazama kiti. "Na hiki?"

"Hicho ni cha mgeni."

Wekulo akageuka akaangalia nyuma yake, kisha nje ya mlango. "Huyo mgeni mwingine yuko wapi? Nimsalimie."

Wayua akauma midomo. "Ni cha Padre. Asikae mtu mpaka Padre aje amwombee mzee."

"Sawa, mama. Mtungi nao ni kiti, shida yake ni maji tu yanataka kutoka."

Akalala nyuma ya pazia, juu ya godoro jembamba. Kila asubuhi aliusalimu mgongo wa Muia: "Mzee, umeamkaje?" Mgongo ukanyamaza. "Vizuri, hata mimi nimeamka salama," alijijibu, akaenda kutafuta kibarua. Wayua alimvumilia, lakini moyoni alihesabu kwamba kuongezewa mdomo si kuongezewa dawa.

Siku ambayo Padre alitarajiwa, Wayua alitoka kuteka maji. Aliporudi na ndoo kichwani, alimkuta Wekulo amekaa juu ya kile kiti, kitambaa, puto na yote.

"Wewe! Inuka! Si nilikuambia?"

"Pole, mama, nilikuwa nakijaribu tu." Kiti kililia kwii, kikalalia upande, naye Wekulo akaruka akishika ukuta. Puto moja ikapasuka pwa! "Umeona? Padre wenu si mtu mdogo. Akikaa hapa, Krismasi tutaifanyia hospitalini."

Akakipindua, akakisukasuka mguu wa nyuma. "Nyinyi Wakamba, twiga mnachonga mpaka Mzungu analia kwa furaha. Lakini kiti! Huyu fundi alikuwa amelala, au alikuwa na haraka ya kwenda kunywa?" Akang'oa msumari uliokuwa umeshikilia kalenda ukutani, akaokota jiwe la mlangoni. "Nipige msumari mmoja hapa, kitakaa kama jabali."

"Ukipiga msumari hapo nitakuvunja huo mkono!"

Ndoo ilimponyoka Wayua, maji yakatapakaa hadi chini ya kitanda. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kama randa juu ya mti mbichi, lakini ilikuwa sauti ya Muia. Mzee alikuwa amegeuka. Macho yalimwaka.

Wekulo akabaki ameinua jiwe. "Alaa! Kumbe ukuta huu unaongea?"

"Weka hilo jiwe chini! Viti vyangu havina misumari. Hicho hakijaisha. Nilikuwa naingiza mguu wa mwisho nilipoanguka." Akahema. "Mnakivalisha maputo mnakisimamisha mbele yangu kila siku. Mnataka nitazame nini?"

Wayua akashika mdomo. Kumbe kiti alichokipamba kwa ajili ya uponyaji ndicho kilichokuwa kikimchoma mumewe kama mwiba!

Lakini Wekulo hakujua kunyamaza. "Basi kimalize, mzee."

"Kwa mkono gani?"

"Wangu. Mimi useremala siujui, najua kubeba mawe. Nitakuwa mkono wako wa kulia. Kelele utapiga wewe."

Muia akautazama ule mguu wa nyuma wa kiti. Kisha akasema, "Wayua. Niinue. Leta patasi yangu."

Wayua alivua kitambaa, akabandua zile karatasi moja baada ya nyingine, akamkalisha mumewe ukingoni mwa kitanda. Kiti kikafumuliwa vipande vipande, na kelele zikaanza.

"Polepole! Patasi si mwiko wa ugali, we Mluhya!"

"Nimekusikia, mzee. Kwetu ugali hauna kelele hivi."

"Kwenu mkiandaliwa kuku mnakaa hata kwenye tope, kiti mtakijulia wapi? Futa vumbi kwenye tundu. Futa tena."

Mguu ulipokosa wa kuushikilia, Wekulo aliuchukua ule mkono mzito wa Muia, akaulaza juu ya mti kama mtu anayeweka jiwe juu ya turubai. Baadaye Wayua akaona kidole gumba kikijikunja, kisha na cha pili, polepole, vikiukamata mti vilioujua miaka yote. Akageukia jiko upesi ili wasiyaone machozi yake.

"Wayua," mzee akaita bila kuinua macho, "kuna muthokoi?"

Alikula sahani nzima ya mahindi na maharagwe, akaomba nyingine.

Padre Valentine alipofika na watu wa jumuiya waliobaki mjini, alikuta chumba kimejaa takataka za mbao, na wanaume wawili wameinamiana wakibishana. Kiti cha mgeni kilikuwa vipande sakafuni. Wayua, aliyekuwa ameiandaa siku hii kwa majuma matatu, hakuona haya hata kidogo.

"Karibu, Padre. Kaa kwenye mtungi."

Padre akakaa, kanzu yake ikazoa vumbi la mbao. Akafungua kitabu cha sala. "Nimekuja kumwombea mgonjwa."

"Padre, ngoja kidogo," Muia akasema kwa sauti ya fundi kwa mteja. "Tukiacha sasa gundi itakauka."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Padre akacheka mpaka mtungi ukatikisika. Walisali baadaye, mguu wa kiti ulipokwisha kuingia mahali pake. Wayua akamsindikiza Padre mpaka nje.

"Padre, nilikuwa nakungoja wewe uje umponye."

"Nami nimekuja, mama," alisema Padre Valentine, akijipangusa kanzu. "Lakini yule uliyemkalisha kwenye mtungi ndiye aliyetangulia kutumwa."

Ndani, sauti ya Muia ilikuwa imepanda tena, ikimfokea mtu wa Bungoma juu ya namna ya kushika randa, na majirani wakapita mlangoni wakizungumza kwa sauti zao za kawaida. Waliosema hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.