Sarafu za Shimo la Choo

Jambo lililooza, hata ulifukizie ubani, uvundo wake utatoka tu. Roseline wa Muhuru Bay alilijua hilo. Mumewe, Cephas, ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Mwaka ule wa 1996 magugu yalitanda ziwani, kupiga makasia kukawa kazi ya punda. Cephas alitamani injini ya mashua kama fisi atamanivyo mfupa. Basi alipochimba shimo la choo akafukua chungu kilichojaa sarafu nyeupe za kale, zenye maandishi ya Kiarabu, alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"Fedha tupu, Mama Marion! Yakub mwenye duka atabadilishana nasi, atupe injini yake!"

Haukupita muda, sarafu zikaota ukungu wa kijani. Cephas akazisugua kwa majivu. Ukungu ukarudi. Akazisugua kwa ndimu, akazimaliza ndimu zote za mkewe. Sarafu moja ikachubuka, ndani ikaonekana nyekundu kama waya wa stima.

"Yawa! Hii ni shaba, Baba Marion. Fedha imepakwa juu tu!"

"Ni hiyo moja."

"Na hii?"

"Basi, mbili."

Roseline alichoka roho. "Yakub hununua dagaa wangu wa omena bila hata kufungua gunia. Ukimdanganya, nitamwuzia nani?"

"Mzee haoni vizuri. Wewe nyamaza tu."

Akajifunga leso, akafuatana naye hadi Migori bila kumfichua.

Dukani kwake Migori mjini, Yakub alizipokea sarafu kwa mikono miwili. "Mashallah!" Alikwisha kuinuka kwenda kuitoa injini.

"Ngoja uone zinavyong'aa," Cephas akajitapa. Akaisugua moja kwenye shati lake jeupe, akaisugua tena. Fedha ikabaki shatini, shaba ikabaki mkononi.

Yakub aliikodolea macho, akacheka bila furaha. "Aliyezizika hizi, bwana, hakuwa akificha mali. Alikuwa akificha aibu." Kisha akamgeukia Roseline. "Nawe ulijua, mama?"

Roseline aliinamisha uso.

"Basi, omena wako watafutie mnunuzi mwingine."

Nje, Cephas alikuwa bado akilikagua shati. "Ningekuja na kitambaa laini kidogo..."

"Nyamaza wewe sasa!" Roseline akafoka. Hata angezifuta kwa hariri, shaba ingejitokeza tu, kwani la kuvunda halina ubani.