Jino la Bwana Malugu

Mbwa wa Bwana Malugu, tajiri wa mashine za kusaga, alijisaidia kila asubuhi uani kwa jirani yake Nyamizi, karibu kabisa na kisima cha mtaa. Masika yalikuwa yanakaribia, na Nyamizi aliogopa kwamba mvua ingeusomba uchafu ule hadi kisimani. Alipomshtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi, tajiri alicheka.

“Kinachoanguka uani kwako ni chako, bibie. Hongera kwa mavuno!”

Mjumbe, aliyemwogopa tajiri, akakubali.

Wiki ile jino la dhahabu la Bwana Malugu lilidondoka akitafuna mfupa, mfupa akamtupia mbwa, na jino lisionekane tena; mtaa mzima ukasikia. Kesho yake Nyamizi alimfuata mashineni, amependeza.

“Nimekuja kushukuru, bwana. Leo mbwa wako ameniachia kitu kinang'aa hicho!”

“Jino langu!”

“Lako vipi? Si kimeanguka uani kwangu?”

Tajiri akamkokota mjumbe mpaka pale uani. “Shuhudia! Kitokacho kwa mbwa wangu ni changu, leo na siku zote, popote kiangukapo!”

“Umesikia, mjumbe?” aliuliza Nyamizi.

“Nimesikia. Achukue vyake vyote.”

Bwana Malugu akapiga magoti, akanyoosha mkono. Kile kilichong'aa kikaruka, kikatua puani pake. Kumbe alikuwa nzi wa kijani.

“Jani la mgomba la kufungia hili hapa,” Nyamizi alisema, akimkabidhi na jembe. “Shimo utalichimba kule chini, mbali na kisima. Na kesho uwahi, bwana. Mbwa wako huamka mapema.”