Mama Fisi na Hodi ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmeitika au mmepiga miayo? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam. Sasa twendeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule, na shule zikawa na mashindano ya maigizo, palikuwa na Mama Fisi. Alikuwa na binti, Kidawa. Na alikuwa na kicheko. Kicheko hicho kikianza hakiombi ruhusa. Hakijui msiba wala harusi.

Mwaka uliopita kilimponza. Jukwaani Swala anakufa, wanyama wanalia, mara: hii-hii-hiii! Mama Fisi huyo. Swala aliyekufa akageuza shingo kutazama. Siku hiyo hiyo Nyani alirusha maganda ya ndizi, na Tembo alichelewa, kisha akakaa mbele. Mashindano yakavurugika.

Basi mwaka huu Korongo akafanywa katibu. Korongo alipenda kanuni kama chura apendavyo mvua. Asubuhi ya mashindano akapanda jukwaani, akasimama kwa mguu mmoja, akasoma.

"Mtazamaji afike mapema. Mtazamaji asile. Mtazamaji asisimame. Mtazamaji asitoe sauti yoyote, ya furaha wala ya huzuni. Atakayetoa sauti, shule ya mwanawe inaondolewa."

"Na chafya je?" akauliza Nyani.

"Chafya iombewe kibali mapema."

Kisha akainamisha shingo ndefu. "Mama Kidawa, umenisikia?"

"Nimekusikia, Bwana Katibu. Na majirani wote wamesikia kwamba nimesikia."

Mama Fisi akajikunja kwenye kiti, akashindilia ncha ya kanga mdomoni. Alikuwa na sababu. Tangu maigizo yaanze msituni, fisi hupewa kazi moja tu: aibe, akimbizwe, apigwe. Mwaka huu shule ya Mbugani ilimpa Kidawa awe mgeni mwema, na mchezo mzima ulimzunguka yeye. Haijapata kutokea. Ukiharibika leo, nani atampa fisi kazi nyingine?

Shule ya Mlimani ikatangulia na mchezo wa kuchekesha. Kima akatumbukia kwenye pipa, chubwi! Kimya. Akatumbukia tena, kwa bidii zaidi. Kimya, jii. Akatoka amelowa, analia.

Ikaja zamu ya Mbugani. Kidawa akatokea na mzigo kichwani. Akasimama ukingoni mwa jukwaa, akawatazama watazamaji kama mtu anayetazama mlango wa nyumba. Akaita:

"Hodi!"

Kimya.

Kumbe kwenye mazoezi darasa zima lilikuwa linaitika. Nani angewaza kwamba wazazi hawataitika? Kanuni zenyewe zimesomwa asubuhi ile ile.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Tembo akatazama kucha zake. Nyani akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akaongeza na mguu.

Nyinyi mnajua, na Kidawa alijua: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka. Hata mchezoni binti aliyelelewa haingii nyumba ya watu hivi hivi. Mzigo ukaanza kutetemeka kichwani pake.

Mama Fisi akatafuna kanga. Akiitika, shule inaondolewa. Asipoitika, mwanawe anageuka na kurudi mbele ya msitu mzima.

"Ho... hodi?"

Mama Fisi akaitoa kanga mdomoni. "Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

Lo! Korongo akashusha mguu wa pili, jambo ambalo halijawahi kuonekana. "Kwaa! Sauti! Nani huyo? Mbugani imeondolewa!"

"Ni mimi," akasema Mama Fisi, akasimama. Kanuni mbili hizo kazivunja.

"Mtazamaji asitoe sauti!"

"Mtazamaji, ndiyo. Nilikuwa mtazamaji mpaka nikapigiwa hodi. Aliyepigiwa hodi ni mwenye nyumba. Kuna kanuni ya mwenye nyumba hapo?"

Korongo akasoma juu, akasoma chini. Hakuna.

"Na kwako, Bwana Katibu, mgeni akibisha mnanyamaza?"

"Kwangu mimi ni kiotani..."

"Kiotani hamna adabu?"

Bi Kifaru, jaji mkuu, macho yake hayafiki mbali lakini masikio yanamtosha. Akapiga mguu chini, ndi! "Mgeni kakaribishwa. Mnamsimamisha na mzigo kichwani? Endeleeni!"

Kidawa akaingia. Akaomba maji, ukumbi ukaitika. Akauliza habari za nyumbani kwao, ukumbi ukaitika. Kisha mgeni akapewa habari ya msiba, akaketi chini, akautua mzigo polepole.

Hapo kicheko kikampanda Mama Fisi kooni, maana fisi hucheka hata akiumia. Akakimeza. Kikapanda. Akakimeza tena. Chozi likamtoka. Ukumbi wote kimya, na kimya kile hakikuamriwa na katibu.

Mchezo ukaisha. Kidawa akainama.

Mama Fisi akageuka, mashavu yamemvimba. "Mmh, Bwana Katibu?"

Korongo akapangusa jicho kwa bawa. "Sasa, mama. Sasa ndiyo."

Hii-hii-hiii! Kicheko kikavuka mto, vigelegele vikakifuata. Mbugani ikashinda. Kesho yake Korongo akaongeza kanuni: mtazamaji akipigiwa hodi aitike, kwa sauti ya wastani. Wastani wa nani, hakusema.

Funzo ni hili. Adabu ya mtazamaji si kuziba mdomo tu. Ni kunyamaza ili mwenzako asikike, na kuitika ili mwenzako asiachwe mlangoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkitoka, msikanyagane.